Nguvu ya Kitu na Haraka ya Mzigo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu, Chumbi, Rufiji)



Kamati ya maandalizi iliniandikia kunitaka nizungumze kwa nusu saa juu ya kazi ninayoifanya. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mimi ni fundi sanifu katika maabara ya vifaa vya ujenzi, na kutwa nzima navunja vitu kwa mshahara. Navunja mawe, zege, nondo, mbao na madongo. Mtoto akivunja sahani nyumbani huchapwa; mimi nikivunja naandika namba, na kwa namba hiyo watu hujenga nyumba na madaraja. Leo nataka kusema jambo moja tu kuhusu namba hiyo, jambo ambalo baadhi ya wajenzi hawalijui, na wengine wanalijua mno.

Ukifungua kitabu cha uhandisi utakuta majedwali: mbao nguvu kiasi hiki, zege kiasi hiki, chuma kiasi hiki. Kijana anayeanza huamini kwamba namba ile imo ndani ya mbao kama uzito ulivyomo ndani yake. Sivyo. Namba ile ni jibu lililopatikana baada ya mbao kuulizwa swali kwa mwendo fulani. Ukiiuliza kwa haraka, jibu huwa jingine. Ukiiuliza polepole, jingine tena. Na tofauti yake si ya kuchezea.

Wazee waliopo hapa waliwanasa ndege kwa ulimbo. Uvute ulimbo taratibu, utarefuka mpaka uwe mwembamba kama uzi wa buibui. Unyakue kwa ghafla, utakatika ungali mfupi na mnene. Vijana wasioujua ulimbo wajaribu kwa bigijii, lakini wasijaribu darasani.

Waliopita kwenye mikoko ya delta, huko Nyamisati na Salale, wanajua la pili. Mguu ukizama katika tope, mgeni huuchomoa kwa nguvu zake zote, na tope humshika kana kwamba lina mikono. Mara nyingi hutoka yeye, kiatu kikabaki. Mwenyeji huusogeza mguu taratibu, kisigino kwanza, mpaka maji yapate njia ya kuingia chini ya unyayo, kisha hutoka bila ugomvi. Tope ni lile lile na mguu ni ule ule. Kilichobadilika ni muda ambao maji yalipewa kusafiri.

Hapo ndipo penye siri yote. Kitu hakiharibiki kwa amri. Ndani yake lazima jambo fulani litendeke kwanza, na jambo hilo lina mwendo wake. Katika tope, maji lazima yapenye kati ya chembe. Katika mbao, nyuzi lazima ziteleze na nyufa ndogo ndogo zitambae. Katika lami, molekuli lazima zijinasue zilikosongamana. Katika chuma, atomu lazima ziruke kutoka kiti kimoja hadi kingine, na joto ndilo linalozisaidia kuruka. Mzigo ukija kwa haraka kuliko mwendo huo, kitu hukataa kutii, na kwa kukataa huko kinaonekana kina nguvu zaidi. Mzigo ukija polepole, yote yaliyomo ndani hupata nafasi ya kuteleza, na kitu hushindwa kwa mzigo mdogo zaidi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni lami. Mwaka 1927 mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, jina lake Thomas Parnell, alimimina aina ya lami katika faneli ya kioo, akaiacha itulie, na mwaka 1930 akakata mdomo wa faneli ili idondoke. Lami hiyo ukiigonga kwa nyundo inapasuka kama chungu. Lakini ndani ya faneli inatiririka. Hadi mwaka 2014 yalikuwa yamedondoka matone 9. Mwalimu Parnell alikwisha kufa zamani. Tone likaendelea na safari yake. Basi je, lami ni jiwe au ni uji? Jibu ni kwamba inategemea una haraka gani.

Hapa Chumbi habari hii inatuhusu, maana tunaishi kando ya barabara. Wakubwa wanakumbuka pantoni ya Ndundu, kabla Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu mita 970 halijafunguliwa mwaka 2003. Wanakumbuka pia kwamba kipande chetu cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, ndicho kilichochelewa kupata lami tukabaki na vumbi na tope huku wenzetu wa Kibiti wakiteleza. Sasa lami tunayo, na kila mwanafunzi anaweza kuitumia kama maabara bila kulipa ada. Tafuteni mahali ambapo malori hupunguza mwendo: kwenye matuta, kwenye vituo, kwenye miinuko, kwenye mizani. Mara nyingi mtaona magurudumu yamechimba mifereji miwili. Pale yanapopita kwa kasi, barabara ile ile hubaki imenyooka kwa muda mrefu zaidi.

Watu husema malori yanayokwenda kasi ndiyo yanayoharibu barabara. Yana makosa yao, nayo si haba, lakini hili la mifereji si lao. Fanyeni hesabu. Gurudumu la lori hugusa lami kwa urefu wa kama sentimita 25. Lori likienda kilometa 80 kwa saa, sehemu moja ya barabara inalemewa kwa muda wa kama mia moja ya sekunde, kisha inaachiwa. Likienda kilometa 5 kwa saa, muda huo unakuwa mara 16. Likisimama saa nzima dereva akanywe chai, lami imelemewa kwa sekunde 3,600 mfululizo. Ongezeni jua letu la saa saba mchana. Joto na taratibu ni ndugu wa tumbo moja: kuipasha lami moto ni sawa na kuipa muda mrefu zaidi wa kuteleza. Ndiyo maana wahandisi wa barabara huchagua lami ngumu zaidi kwa mahali pa miinuko na vituo.

Nije kwenye mbao, kwa kuwa sisi ni watu wa miti. Fito, pau, boriti na nguzo za Rufiji zilivuka bahari karne nyingi kwenda kuezeka dari za Unguja na Bara Arabu. Mwenye kuingia katika nyumba kongwe akatazama juu ataona boriti nyingine zimepinda kuelekea chini, ilhali siku zilipowekwa zilikuwa zimenyooka. Hakuna aliyeongeza mzigo. Mzigo ni ule ule wa siku ya kwanza; mti umekuwa ukiuitikia kidogo kidogo.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1951 mtafiti wa maabara ya mazao ya misitu iliyoko Madison, Marekani, aliyeitwa kwa bahati ya ajabu Lyman Wood, yaani Bwana Mbao, alitoa mchoro ambao wahandisi wa miti wanautumia mpaka leo. Maana yake ni hii. Chukua ubao ambao katika jaribio la dakika 5 au 10 unavunjika kwa kilo 100. Ubao wa namna hiyo hiyo ukiubebesha kilo 60 na kitu tu, ukaziacha hapo, utavunjika baada ya kama miaka 10. Na ukiubebesha kwa sekunde moja kisha ukauondolea, utastahimili zaidi ya 100.

Wazee wetu walilijua hili bila mchoro. Dungu la bondeni halipimwi kwa watu wanaolipanda kwa kishindo siku ya sherehe. Vijana sita wakiruka juu ya sakafu ya dungu, nguzo hulia lakini huvumilia, kwa kuwa mzigo umekuja na kuondoka. Magunia ya mpunga yaliyokaa kimya tangu mavuno hayalii, wala hayatikisi kitu, nayo ndiyo yanayolishusha dungu usiku ambao hakuna mtu aliyepanda. Mwenye dungu mwenye akili huyatandaza magunia juu ya nguzo zilizo nene.

Udongo nao una tabia hii, hasa udongo wa mfinyanzi wenye maji kama ule wa bonde letu. Kwa kukadiria, kila unapoufanyia jaribio mara 10 upesi zaidi, nguvu yake huongezeka kama asilimia 10. Mtu akisikia asilimia 10 anaona ndogo. Lakini kipimo cha udongo laini hufanywa kwa dakika chache, na tuta la barabara hulemea udongo huo kwa miezi. Kutoka dakika 5 hadi mwezi mmoja ni karibu hatua nne za mara kumi. Kwa hiyo nguvu halisi ambayo tuta litaikuta chini yake inaweza kuwa kama asilimia 70 tu ya ile tuliyoiandika katika fomu. Laurits Bjerrum wa Norway alichunguza matuta yaliyoporomoka juu ya udongo laini, na mwaka 1972 akapendekeza namba ya kipimo ipunguzwe kabla haijatumiwa, na kwa udongo wenye kunata sana ipunguzwe zaidi. Kipimo kilikuwa sahihi, na mpimaji hakulala kazini. Kilichokosewa ni kudhani kwamba udongo unajibu namna moja kwa mwenye haraka na kwa mwenye subira.

Vijana wa kidato cha nne watauliza: basi mbona chuma? Chuma nacho kimo. Mwaka 1872 John Hopkinson, Mwingereza, alining'iniza waya wa chuma na kuudondoshea vyuma vizito vya kuukata. Aliona ajabu: kilichoamua kama waya utakatika kilikuwa zaidi kimo cha kudondokea, yaani kasi, kuliko uzito wa kinachodondoka. Mwanawe Bertram aliyarudia majaribio ya baba yake mwaka 1905 akaona kwamba, kwa kitambo kidogo mno cha sehemu za elfu za sekunde, waya ulistahimili karibu mara mbili ya mkazo unaoushinda ukivutwa taratibu. Mwaka 1914 alitangaza njia ya kupima mapigo ya risasi na baruti kwa kutumia fimbo ndefu ya chuma. Mwaka uliofuata, mizinga ya manowari za Kiingereza, Severn na Mersey, ilikuwa ikiyatumia mapigo hayo hapa hapa kwetu, katika delta, dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 11 Julai 1915 meli hiyo iliharibiwa vibaya, na wenyewe wakaimalizia kwa kuilipua. Babu zetu walisikia kishindo. Sijui kama kuna aliyewaambia kwamba huko Uingereza mtu mmoja alikwisha kuanza kukipima.

Lakini msitoke hapa mkidhani kwamba haraka ni rafiki wa chuma. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Chuma kikivutwa taratibu hujinyoosha kwanza, na kujinyoosha huko ndiko onyo na ndiko usalama. Kikipigwa ghafla hukataa kujinyoosha, na kama kina mkwaruzo au ufa mahali, huweza kukatika kama muhogo mkavu. Kukataa kuteleza ni nguvu, na ni udhaifu vile vile. Ndiyo sababu Mfaransa Georges Charpy, mwaka 1901, alitengeneza kipimo cha nyundo inayobembea: kipande cha chuma chenye unene wa milimita 10, kilichotiwa mkato mdogo, hupigwa mara moja kwa mwendo wa kama mita 5 kwa sekunde, na tunasoma nyundo imepoteza kiasi gani cha nguvu zake. Baridi hufanya kazi moja na haraka. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilipasuka katikati ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani, bila wimbi wala dhoruba, katika majira ya baridi. Sisi wa Rufiji baridi hiyo hatuna. Haraka tunayo.

Tahadhari moja, kisha niendelee. Kila siku mnafyeka majani ya uwanja huu. Ukisogeza fyekeo taratibu, jani linainama na kukuchekea. Ukilizungusha kwa nguvu, linakatika. Hiyo si kwa sababu jani limebadilika nguvu yake. Ni kwamba jani lina uzito, na uzito hauwezi kuondoka njiani mara moja. Mambo haya mawili huchanganyika, hata wataalamu wa milipuko bado wanabishana ni kiasi gani cha nguvu ya zege inayolipuliwa ni cha zege yenyewe na kiasi gani ni cha uzito wake unaokataa kuondoka. Mwanafunzi akiwa na shaka na ajiulize: je, nikiufanya mzigo uje kwa haraka lakini kitu kiwe chepesi, tofauti itabaki? Ikibaki, ni ya kitu chenyewe.

Sasa nifike kwenye zege, kwa kuwa ndipo mkate wangu ulipo. Wajenzi wakimwaga zege, hujaza pia vikasha vya chuma kutengeneza michemraba yenye ubavu wa milimita 150. Baada ya siku 28 michemraba inaletwa kwetu na tunaibana katika mashine mpaka ipasuke. Mchemraba wa zege ya nguvu 25, maana yake nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, hupasuka kwa mzigo wa kama tani 57. Lakini kanuni haisemi tani tu. Kanuni ya Kiingereza ya mwaka 1983, ambayo wengi tulifundishiwa, inataka mzigo uongezwe kati ya nyutoni 0.2 na 0.4 kwa milimita ya mraba kila sekunde, basi mchemraba huo uchukue kama dakika moja hadi mbili kufika mwisho wake. Kanuni ya Ulaya iliyofuata inaruhusu upesi zaidi kidogo, lakini nayo imeweka mipaka. Kwa nini watu wazima wakae mezani kubishana juu ya sekunde? Kwa sababu ukiubana mara 10 upesi zaidi, mchemraba ule ule unatoa namba kubwa zaidi kwa asilimia 3 au 5. Na mchemraba wa 24 ukiongezewa asilimia 4 na ushei, unapita.

Miaka kadhaa iliyopita, mkandarasi mmoja ambaye jina lake silitaji alituletea michemraba ya sakafu ya kalvati kubwa. Wa kwanza ulipasuka kwa 24. Wa pili vile vile. Ilitakiwa 25. Msimamizi wake alikuwa amesimama nyuma yangu. Mtu mcheshi, aliyekuwa ametuletea soda. Akaniinamia sikioni: "Fundi, huu wa tatu ukanyagie kidogo." Hakusema nibadilishe namba, hakunipa bahasha. Alitaka tu niuzungushe mkono wa mashine upesi, namba itoke yenyewe, na mimi niiandike kama ilivyotoka. Uongo wa namna hiyo haumo katika namba hata kidogo. Umo katika saa. Nikamwonyesha kwamba fomu ina safu ya mwendo wa kubana. Akajibu: "Nani anaisoma hiyo safu?"

Nikaubana kwa mwendo wake. Ulipasuka kwa 23 na nusu. Soda alizichukua. Mhandisi wa mradi alipopata fomu aliagiza vipande vikatwe kutoka katika sakafu yenyewe, navyo vikawa vibaya kuliko michemraba. Sakafu ikabomolewa ikamwagwa upya, wiki mbili zikapotea, na mimi nikapata sifa ya kuwa mtu mgumu. Juu ya kalvati lile magari yanasimama, ndugu zangu. Zege iliyolemewa siku zote, bila kupumzishwa, huweza kushindwa kwa asilimia 75 au 80 tu ya mzigo ule tunaoupata mashinini kwa dakika mbili. Kwa hiyo anayeharakisha kipimo anaongeza kwenye karatasi pale pale ambapo muda utakuja kupunguza kwenye kalvati.

Machi 29, 2013 jengo la ghorofa lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, na makumi ya watu wengine wakapotea. Sisemi kwamba mchemraba uliobanwa haraka ndio uliowaua. Jengo huanguka kwa sababu nyingi kwa pamoja, na sababu hizo zina wachunguzi wake. Nasema kwamba tangu siku zile kila ninapoandika katika safu ya mwendo naandika kwa wino mzito, na vijana ninaowafundisha kazi nawaambia wasome safu hiyo kwanza, kabla ya namba.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu unakwisha na wanafunzi wameanza kutazama beseni lililoko pale mezani. Ni haki yao. Ndani yake mna wanga wa muhogo, ule ule wa kupigia nguo pasi, karibu vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Ukiupiga ngumi, chembe zinasongamana kabla maji hayajapata pa kupita, na beseni linakuwa kama sakafu. Ukiingiza kidole taratibu, ni uji. Anayeweza kuufinyanga tonge mkononi aendelee kulizungusha. Akiacha tu, litamwagika katikati ya vidole. Kidato cha kwanza waanze. Ngumi kwanza, kidole baadaye, na mwenye saa ya mkononi aivue.